MFALME ALIYESUMBULIWA NA HERUFI K
Maisha ya Mfalme George wa Sita

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, nina hadithi ya kweli ambayo imenikaa kooni tangu muhula wa kwanza, na leo nataka kuitoa.

Mwaka huu chama chetu kilitupa kazi sisi wa Kidato cha Tatu. Kila mmoja alitakiwa aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, kisha ayasome kwa sauti mbele ya wanachama. Wengi walimkimbilia Dedan Kimathi, wengine Mekatilili wa Menza, wengine Shaaban Robert. Mimi nilipomtaja Mfalme George wa Sita wa Uingereza, darasa zima liliangua kicheko. Eti nimekosa Mwafrika wa kuandika? Eti mimi ni mtoto wa mkoloni? Nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu lilikuwepo, lakini halikutaka kutoka, na sababu yake utaijua punde si punde.

Nyanya yangu, ambaye sisi nyumbani twamwita Koko, anaishi upande wa Kajiado. Likizo ikifika mimi hupanda matatu hapa Kitengela, tukapita Isinya, nikashuka Kajiado mjini na kumalizia safari kwa miguu. Siku moja mwaka jana jirani yake alizidiwa na ugonjwa. Koko akasema huyo apelekwe King George mara moja. Nilidhani ni hospitali mpya imefunguliwa. Babangu akacheka, akanieleza kwamba Koko alikuwa anasema Hospitali ya Kenyatta kule Nairobi. Kumbe hospitali hiyo, iliyoanza mwaka 1901 kama hospitali ya Waafrika, ilipewa jina la King George wa Sita mwaka 1952, ikabaki nalo mpaka mwaka 1964 ilipopewa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Wazee wengine walishalizoea jina la kwanza na hawakuona haja ya kulibadilisha.

Jioni hiyo Koko alifungua mkebe wa majani chai anamoweka vitu vyake vya siri. Akatoa shilingi moja ya zamani ya East Africa. Upande mmoja kuna simba amesimama, milima ikiwa nyuma yake. Upande wa pili kuna kichwa cha mwanamume aliyetazama kando, kana kwamba hataki kuonana na mtu uso kwa uso. Koko akaniambia huyo ndiye King George mwenyewe.

Niliporudi shuleni nilimtafuta katika vitabu vya maktaba. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba mfalme huyo alikuwa na kigugumizi tangu utotoni mpaka kaburini, nilifunga kitabu kwanza nikatazama nje ya dirisha. Kwa maana mimi pia, ndugu msomaji, nina kigugumizi. Nilianza nacho darasa la pili. Adui yangu mkubwa ni herufi k. Sasa fikiria: naishi Kitengela, kaunti ya Kajiado, nchi ya Kenya, na somo nilipendalo ni Kiswahili. Mungu ana mzaha wake.

Basi tuanze mwanzo.

Mfalme George wa Sita alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, Uingereza. Hakuitwa George wakati huo. Aliitwa Albert, na watu wa nyumbani walimwita Bertie. Alikuwa kitukuu wa Malkia Victoria, na siku aliyozaliwa ilikuwa ukumbusho wa kifo cha mume wa malkia huyo, ndiyo sababu akapewa jina la marehemu. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume. Kaka yake Edward ndiye aliyekuwa wa kurithi kiti, kijana mtanashati mwenye maneno matamu. Bertie alikuwa wa kukaa nyuma tu.

Utoto wake haukuwa wa raha kama tunavyodhani sisi tukisikia neno mfalme. Alikuwa na magoti yaliyogongana, akafungwa vyuma miguuni ili inyooke. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto, akalazimishwa kuandika kwa wa kulia. Tumbo lilimsumbua. Baba yake alikuwa mkali. Alipofika umri wa kama miaka saba au minane, ulimi ukaanza kukwama. Alisumbuliwa na sauti kadhaa, na mojawapo ilikuwa hiyo hiyo k. Na kwa Kiingereza neno la mfalme linaanza na sauti hiyo. Mimi niliposoma hapo nilicheka peke yangu mpaka mwenye maktaba akanitolea macho.

Mwaka 1909, akiwa na miaka 13, alipelekwa chuo cha jeshi la wanamaji kiitwacho Osborne. Wale mnaodhani watoto wa wafalme hupewa alama za bure, sikilizeni: katika mtihani wa mwisho pale Osborne alikuwa wa 68 katika darasa la wanafunzi 68. Yaani alishika mkia. Hata hivyo aliruhusiwa kuendelea na chuo cha pili cha Dartmouth, na mwaka 1913 akaingia katika manowari iliyoitwa Collingwood. Humo alifanya kazi kama vijana wenzake, na jina alilotumia melini lilikuwa Johnson. Alikuwa akiugua kichefuchefu cha bahari, lakini hakuomba arudishwe nyumbani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 alipasuliwa kidole tumbo, na baadaye maumivu ya tumbo yakamweka nchi kavu kwa miezi mingi huku wenzake wakiwa baharini. Jambo hilo lilimwumiza moyo. Alirudi melini mwaka 1916, na tarehe 31 Mei mwaka huo meli za Waingereza na za Wajerumani zikakutana karibu na pwani ya Denmark katika vita vya Jutland. Meli kama 250 zilipambana. Siku hiyo Bertie alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa ndani ya meli. Aliposikia adui ameonekana, aliinuka kitandani akaenda kushika nafasi yake kwenye mizinga ya mbele. Kufikia kesho yake Waingereza walikuwa wamepoteza meli 14 na watu zaidi ya 6,000. Wajerumani nao walipoteza meli 11 na watu zaidi ya 2,500. Collingwood ilirudi salama. Kwa hivyo mwanamaji huyu hakuvaa sare kwa ajili ya picha tu. Alisikia mizinga kwa masikio yake mwenyewe akiwa na miaka 20.

Mwaka uliofuata alipasuliwa tena kwa sababu ya kidonda cha tumbo, na kazi ya meli ikamwishia. Mwaka 1918 alihamia upande wa ndege, na mwaka 1919 akafuzu kuwa rubani. Mwaka 1920 baba yake akampa cheo cha Mtawala wa York.

Sasa tuje kwenye mapenzi, maana najua baadhi yenu ndiyo mnayongojea. Alimpenda msichana mmoja wa ukoo wa kitajiri huko Scotland, Elizabeth Bowes-Lyon, aliyezaliwa mwaka 1900. Alimposa mwaka 1921, akakataliwa. Binti huyo hakutaka maisha ya ikulu, ambapo mtu hawezi kukohoa bila kuandikwa gazetini. Kijana hakumtukana wala hakukimbilia mwingine. Alingoja, akarudi tena. Mwezi Januari 1923 akakubaliwa, na tarehe 26 Aprili mwaka huo wakafunga ndoa London. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba subira huvuta heri.

Mwaka uliofuata maharusi hao walikuja kwetu. Ndiyo, hapa hapa Kenya. Walishuka Mombasa tarehe 22 Desemba 1924, wakapanda treni kuja Nairobi. Mjuavyo, reli ile ya zamani inapita Emali, Sultan Hamud na Athi River, pembeni kabisa mwa nchi ya Wamaasai. Kutoka darasani petu hadi stesheni ya Athi River si mbali. Kwa hivyo kabla Kitengela haijawa mji wa magorofa na saruji, mwanamume yule wa kwenye shilingi ya Koko alipita jirani, labda akiwatazama nyumbu na pundamilia dirishani. Walikaa katika mahema, wakawinda wanyama kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa enzi hizo. Leo angeshikwa, kwa maana uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Kutoka hapa walikwenda Uganda, wakafuata Mto Nile hadi Sudan, na mwaka 1925 wakarejea kwao.

Huko nyumbani mtihani ulikuwa ukimngojea. Tarehe 31 Oktoba 1925 alitakiwa kutoa hotuba ya kufunga maonyesho makubwa huko Wembley. Vipaza sauti vilikuwa vimewekwa uwanja mzima. Maneno yalikwama, akawa anapigana nayo mbele ya umati. Waliokuwepo waliona aibu kwa niaba yake. Sihitaji kueleza zaidi. Yeyote aliyewahi kusimamishwa darasani asome ufahamu, neno la kwanza likakataa, wa nyuma wakaanza kugonga madawati na kumwigiza, anajua vile masikio yanavyopata moto. Mimi ilinipata nikiwa shule ya msingi. Kwa muda wa mwaka mzima baada ya hapo nilikuwa najifanya nina homa kila siku ya kusoma kwa sauti.

Mtawala wa York hangeweza kujifanya ana homa maisha yake yote. Mkewe alimtia moyo ajaribu tena, ingawa madaktari wengi walikuwa wameshashindwa. Mwezi Oktoba 1926 akaenda kwa Lionel Logue, mtu wa Australia ambaye hakuwa daktari hata kidogo. Logue alijifunza kazi yake kwa kuwasaidia askari waliopoteza sauti vitani. Alimfundisha kuvuta pumzi kutoka chini ya kifua, kupumzisha koo, kusema vokali kwa sauti kubwa, na kukata sentensi ndefu kuwa fupi. Katika mwaka mmoja na kitu alimwendea zaidi ya mara 80. Mkewe mara nyingine alikaa naye katika mazoezi. Hapo ndipo nilipomheshimu. Kumpenda mtu akiwa amevaa suti ni rahisi. Kuketi kando yake akihangaika na silabi moja dakika tano, bila kumkatiza wala kumalizia neno lake, hiyo si kazi ya kila mtu.

Tarehe 9 Mei 1927 alifungua jengo la bunge jipya la Australia mjini Canberra, na maneno yakatoka. Lakini tusidanganyane. Kigugumizi hakikuisha. Hakikuisha mwaka huo wala mwaka wowote. Alijifunza tu kutembea nacho.

Maisha yao yalikuwa ya utulivu. Mungu aliwajalia binti wawili, Elizabeth mwaka 1926 na Margaret mwaka 1930. Alipenda kukaa na familia yake kuliko karamu. Kama mambo yangebaki hivyo, tusingemjua na kichwa chake kisingekuwa katika shilingi yoyote.

Mambo hayakubaki hivyo. Baba yake, Mfalme George wa Tano, alifariki mwezi Januari 1936. Kaka yake Edward akashika kiti. Lakini Edward alimpenda mwanamke Mmarekani, Wallis Simpson, aliyekuwa ameachika mara moja na alikuwa katika kuvunja ndoa ya pili. Wakubwa wa serikali na wa kanisa wakakataa. Mwezi Desemba 1936 Edward akachagua mwanamke, akaacha kiti. Bertie akaitwa. Alikwenda kwa mama yake akalia begani kwake kama mtoto. Alikuwa anakaribia miaka 41, na alijua kwamba mfalme hula kiapo, husoma hotuba, huongea redioni. Kati ya kazi zote duniani alipewa ile iliyotaka kitu kimoja alichokosa. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Akachukua jina la George ili watu waone kwamba anafuata nyayo za baba yake, na tarehe 12 Mei 1937 akavishwa taji.

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza iliingia vitani na Ujerumani ya Hitler. Jioni hiyo mfalme alitakiwa kuongea redioni na watu wa dola yake nzima, na Kenya ilikuwa ndani ya dola hiyo. Logue alisimama mbele yake katika chumba kidogo. Mfalme alisoma polepole, akiwa na mapengo ya kimya kati ya maneno. Watu wakaona kimya kile ni uzito wa jambo lenyewe. Kumbe mwenyewe alikuwa anapumua ili neno linalofuata lipate kupita.

Wakati wa vita hakukimbilia ng'ambo na wanawe. Mchana walikuwa London, usiku wakilala Windsor. Tarehe 13 Septemba 1940 mabomu yaliangukia ikulu ya Buckingham wakiwa ndani, mengine yakalipukia uani karibu nao. Mwaka 1942 mdogo wake George alikufa katika ajali ya ndege ya jeshi. Mwezi Juni 1943 mwanamaji wetu alipanda tena manowari, hii ikiitwa Aurora, akaenda kisiwa cha Malta kilichokuwa kimepigwa mabomu kupita kiasi, akawasalimu watu wake. Askari wa kutoka Kenya nao walikuwa wakipigana kwa jina lake katika kikosi cha King's African Rifles, huko Ethiopia, Madagascar na Burma. Wengi hawakurudi, na waliorudi hawakupewa mashamba kama walowezi walivyopewa.

Hapa ndugu msomaji sina budi kusimama, kwa sababu Koko alinisimamisha mimi. Nilipomwambia nitaandika juu ya King George hakufurahi wala hakukasirika. Alinikumbusha tu kuhusu ng'ombe. Babu yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa Wamaasai waliotolewa Laikipia. Historia inatuambia kwamba mkataba wa kwanza ulifanywa mwaka 1904, na Wamaasai wakaahidiwa kwamba sehemu walizopewa zitakuwa zao. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawaondoa Laikipia na kuwasukuma huku kusini. Walipeleka kesi kortini mwaka 1913, wakashindwa. Ng'ombe wengi na watu pia walikufa njiani. Mkataba wa kwanza ulikuwa wakati wa Mfalme Edward wa Saba, ambaye ni babu yake Bertie. Wa pili ulikuwa wakati wa George wa Tano, ambaye ni baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi wa Osborne na Dartmouth. Lakini alipokalia kiti hakurudisha hata ekari moja, na kwa miaka 15 mashamba, kodi na amri vilitolewa kwa jina lake.

Kwa hivyo sikatai maneno ya wenzangu walionicheka. Alikuwa mfalme wa mkoloni, na mimi ni kitukuu wa walionyang'anywa. Lakini wahenga pia walisema Mgala muue na haki yake umpe. Naweza kuchukia taji na bado nikamwelewa mtu aliyekuwa chini yake, hasa nikijua jinsi ulimi wake ulivyokuwa.

Baada ya vita dola ilianza kupasuka. India ilipata uhuru mwaka 1947. Mwaka huo huo binti yake Elizabeth aliolewa na Philip, ambaye pia alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji, na bila shaka mzee alifurahi kupata wa kuongea naye habari za meli. Tarehe 14 Novemba 1948 akawa babu: Charles alizaliwa. Mwaka 1950 akazaliwa Anne. Lakini babu huyu hakupewa muda. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na sigara haina heshima kwa wafalme. Mwaka 1949 alipasuliwa kwa ajili ya mishipa ya damu iliyoziba mguuni. Tarehe 23 Septemba 1951 waliondoa pafu lake la kushoto lililokuwa na saratani. Krismasi ya mwaka huo hotuba yake haikutangazwa moja kwa moja. Ilirekodiwa kidogo kidogo, sentensi kwa sentensi, kwa sababu pumzi haikutosha tena.

Tarehe 31 Januari 1952 alisimama kwenye uwanja wa ndege wa London katika baridi kali, bila kofia, akampungia mkono binti yake Elizabeth aliyekuwa akipanda ndege pamoja na mumewe. Unajua walikuwa wakienda wapi? Nairobi. Tarehe 5 Februari usiku Elizabeth na Philip walilala Treetops, kule Nyeri, juu ya mti, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo huo, kule Sandringham alikozaliwa, babake alilala na hakuamka. Alifariki tarehe 6 Februari 1952 akiwa na miaka 56. Philip ndiye aliyempasulia mkewe habari hiyo, wakiwa katika nyumba ya Sagana. Kwa hivyo binti yule alipanda mti akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia, na hakujua. Mfalme alizikwa Windsor tarehe 15 Februari. Mwezi Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na damu nyingi ikamwagika kabla ya uhuru kufika mwaka 1963.

Mkewe hakuolewa tena. Alikaa mjane miaka 50, akafariki mwaka 2002 akiwa na miaka 101, akalazwa kando ya mumewe. Na yule mjukuu aliyekuwa na miaka mitatu babu yake alipokufa ndiye Mfalme Charles wa Tatu wa leo. Alikuja Kenya mwaka 2023, akafika hata Mtongwe, Mombasa, kwenye kambi ya jeshi letu la wanamaji. Alikiri kwamba Wakenya walitendewa ukatili wakati wa ukoloni, ingawa msamaha rasmi hakuuomba. Koko alisikia habari hiyo redioni. Alitikisa kichwa tu akaendelea kuchambua maharagwe.

Ndugu msomaji, nakaribia kuhitimisha. Watu wengi wakisimulia habari za mfalme huyu huzimalizia kwa kusema alishinda kigugumizi. Mimi nakataa. Hakukishinda. Alikufa nacho. Alichofanya ni kuacha kukikimbia, akasimama mbele ya watu, neno likikwama akanyamaza, akavuta pumzi, akaendelea. Na alikuwa na watu wawili, mke wake na Logue, waliojua kungoja. Ukiondoa watu hao wawili, nadhani asingefika popote.

Wiki iliyopita mlezi wa chama aliniita pembeni, kwa nia njema kabisa, akaniuliza kama ningependa mwenzangu mmoja anisomee kazi hii siku ya chama. Nilimshukuru nikakataa. Jambo hili nimelizoeza mara nyingi, nikitembea jioni kutoka shuleni kwenda nyumbani, malori ya saruji yakinipita na kunifunika vumbi. Koko amenipa ile shilingi niiweke mfukoni siku hiyo. Alisema nisiiweke kwa sababu ya mfalme. Niiweke kwa sababu ya simba aliye nyuma.

Basi nitasimama. Nitaanza kwa kutaja nitokako: Kitengela, Kajiado, Kenya. Yanaweza kuchukua muda, hayo maneno matatu. Mkiniona nimenyamaza katikati, msinimalizie. Ngojeni. Nitafika.